Jeli ya polima inamfanyaje sungura atengeneze kingamwili dhidi ya homoni ambayo hata yeye anayo? Wajuzi njooni

#1 MfugajiWaChanika
Habari za jioni wanajamvi.

Nafuga ng'ombe wa maziwa huku Chanika, wanne tu kwa sasa. Mwezi uliopita daktari wa mifugo aliniletea stripu za kupima projesteroni, ile homoni inayobaki juu mimba ikishika, kwenye maziwa. Ng'ombe akishahimilishwa unahesabu siku 21 hadi 24, unachovya stripu kwenye maziwa, unajua mapema kama mimba haikushika. Kwa mfugaji hiyo ni pesa, maana joto likikupita unangoja siku 21 nyingine huku pumba na mashudu unanunua kila wiki.

Mimi kitu kikifanya kazi situlii mpaka nijue kinafanyaje. Nimesoma siku tatu. Nimeelewa kwamba ndani ya stripu kuna kingamwili zilizopatikana kwa kumdunga mnyama, mara nyingi sungura au panya, na kwamba wapo wanaoifunga homoni kwenye jeli ya polima (nyuzi ndefu za kikemia) kabla ya kudunga. Hapo nimekwama. Projesteroni ya ng'ombe, ya sungura na ya binadamu ni ile ile, haipishani hata atomu moja. Sungura jike anaitengeneza mwenyewe. Mwili wake unaionaje kuwa adui? Na hiyo jeli inaingilia wapi?

Nawasilisha.

#2 KakaMbagala
Nimewahi siti ya dirishani. Wajuzi wapite.

#3 Fundi Pipeti
Mleta mada, umeuliza swali lililoanza zamani sana. Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, naomba nianze na msingi, jeli itafuata.

Projesteroni ina uzito wa daltoni 314 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Albumini ya damu ya ng'ombe, ambayo ni protini ya kawaida, ina 66,000. Yaani kuku wa kilo mbili amesimama kando ya dume la kilo 420. Mfumo wa kinga ukikutana na hicho kidogo peke yake hauamki. Aliyelionyesha jambo hili vizuri ni Karl Landsteiner, yule yule aliyegundua makundi ya damu. Vitu vidogo vya aina hii akaviita hapteni: vinaweza kushikwa na kingamwili, ila vyenyewe haviwezi kuzizalisha. Akaviunganisha na protini kubwa, na hapo ndipo kingamwili zikaja.

Sababu yenyewe ilifahamika baadaye. Seli B, yaani seli ya kinga inayotengeneza kingamwili, inashika homoni. Lakini seli B haianzi kazi kubwa bila ruhusa ya seli T, msimamizi wake kwenye kinga, na seli T husoma vipande vya protini tu, homoni ya mafuta hasomi. Ukiifunga homoni kwenye protini, seli B iliyoshika homoni inameza mzigo mzima, inaikata protini, inamwonyesha T vipande. T anatoa ruhusa kwa sababu ya protini, na anayeruhusiwa ni yule B aliyeshika homoni.

Kwa homoni za steroidi, jamii ya hiyo projesteroni, kazi hii ilishafanyika mwaka 1957, Erlanger na wenzake Marekani walipounganisha testosteroni na kotisoni kwa albumini ya ng'ombe.

Kwa hiyo kuhusu sungura wako: seli B za kushika projesteroni anazo tangu zamani. Zimekosa tu wa kuziruhusu.

#4 ChumviNyingi
Fundi, heshima yako, ila hujagusa jeli. Umeeleza protini.

Jeli ni ghala. Unadunga kitu kwenye maji, kesho kimeshachujwa na figo na ini. Ukikiweka kwenye jeli kinakaa pale pale chini ya ngozi, kinatoka kidogo kidogo wiki nzima, kinga inapata muda wa kukizoea na kukichukia. Glenny aliliona hilo Uingereza mwaka 1926 kwa chumvi za alumini, na mpaka leo chanjo ya watoto wetu ya pepopunda na dondakoo ina jeli hiyo ya alumini. Hakuna muujiza hapo, ni ghala tu.

#5 NesiWaTandika
ChumviNyingi, hapo kwenye ghala naomba nikusimamishe kidogo kwa upole.

Mimi kazi yangu ni kliniki ya uzazi wa mpango. Kijiti kimoja tunachoweka chini ya ngozi ya mkono ni polima. Ndani yake kuna miligramu 68 za etonojestreli, homoni ndogo, ndugu kabisa wa hiyo projesteroni. Inatoka kidogo kidogo miaka mitatu. Sasa angalia: polima ipo, homoni ndogo ipo, ghala lipo tena la miaka mitatu badala ya wiki. Kama ghala peke yake linatosha kuamsha kingamwili, mama angezitengeneza, zingeikamata ile homoni yote, na kijiti kisingezuia mimba. Lakini kinazuia. Nimewaondolea wengi baada ya miaka mitatu, na ndio kwanza wanaanza kutafuta mtoto.

Basi jeli ya huyo sungura inafanya nini ambacho kijiti changu hakifanyi?

#6 KakaMbagala
Nesi amefunga goli kutoka katikati ya uwanja.

#7 BintiUpanga
Dada Nesi, umelileta vizuri sana hilo. Mimi bado mwanafunzi, nirekebishwe nikikosea.

Naona tofauti ni hii: kwenye kijiti homoni haikufungwa popote. Imelala ndani ya plastiki na inatoka moja moja. Seli B inakutana na molekuli moja, inaiachia. Kwenye polima ya kuamshia kinga, homoni imefungwa kwa kifungo cha kikemia, nyingi, zimepangana kwenye uzi mmoja. Seli B ikigusa uzi huo, vipokezi vyake vingi vinashikwa kwa pamoja. Hiyo ndiyo kengele.

Kuna watafiti wa Marekani, Dintzis na wenzake, mwaka 1976 walichukua nyuzi za poliakrilamaidi wakazifunga hapteni ndogo, dinitrofenili, kwa idadi tofauti. Waliona kuna kizingiti: uzi uwe mrefu vya kutosha na ubebe hapteni zinazofanya kazi kama 12 hadi 16. Chini ya hapo panya hajibu. Na poliakrilamaidi haina protini hata tone. Kwa hiyo hata maelezo ya Fundi ya seli T si lazima.

#8 ChumviNyingi
Binti, kazi hiyo naifahamu. Marekebisho mawili. Kwanza, zile zilikuwa nyuzi zinazoyeyuka kwenye maji, hazikuwa jeli. Jeli ni nyuzi zilizofungamana zikawa wavu. Pili, bila seli T unapata zaidi kingamwili za mwanzo, zile kubwa za IgM, zinazoshika kilegevu na hazina kumbukumbu. Kwa stripu ya Mchanika hazifai, maana homoni yenyewe kwenye maziwa ni nanogramu chache kwa mililita. Unataka kingamwili inayong'ang'ania.

Ila la kijiti Nesi kanipata. Naongeza neno: ghala lazima liwe na kelele. Kijiti ni laini, mwili unakizungushia utando mwembamba na kukisahau. Jeli iliyosagwa ina vipande vyenye ncha, seli za usafi zinakimbilia pale, zinameza, panavimba. Ghala pamoja na uvimbe.

#9 Mwalimu wa Kemia
Salaam. Nimechelewa, nilikuwa nasahihisha mitihani.

Naona humu watu wanatumia neno "kuweka kwenye jeli" kwa mambo mawili tofauti. Kuna kufungia na kuna kufunga. Matundu ya wavu wa poliakrilamaidi ni mapana mara nyingi kuliko steroidi. Ukichanganya projesteroni kwenye jeli bila kifungo cha kikemia, itatoka kama harufu inavyotoka kwenye kapu la karafuu. Ukitaka ibaki, una njia mbili. Uifunge kwenye uzi wenyewe wa polima. Au uifunge kwenye protini kubwa, halafu hiyo protini ndiyo uifungie kwenye wavu, kwa kuwa protini ni nene na inakwama. Hii ya pili inaendana na Fundi na ChumviNyingi kwa pamoja, kwa hiyo msigombane.

Kingine. Projesteroni haina mkono wa kushikia. Haina amini, haina kaboksili. Lazima kwanza uitengenezee mkono, na mahali unapouweka ndipo panapoamua kingamwili itasoma upande gani. Ukiishikia kwenye kaboni ya 3, upande huo unajificha, na kingamwili itashindwa kuitofautisha na homoni nyingine zinazopishana nayo upande huo huo. Wengi wanapendelea kaboni ya 11 ili pande zote mbili za maana zibaki wazi, na kingamwili zake huwa na macho zaidi. Mtu akikueleza habari za jeli tu bila kukuambia mkono uliwekwa kaboni gani, bado hajakueleza.

Na tahadhari kwa vijana: unga wa akrilamaidi kabla haujaganda ni sumu ya mishipa ya fahamu na unapenya ngozi. Ukishaganda kuwa polima sumu hiyo haipo, isipokuwa mabaki ambayo hayakuungana, ndiyo maana jeli inaoshwa sana kabla ya kumkaribia mnyama. Vaeni glavu. Ile TEMED ya kuharakisha kuganda inanuka kama soko la samaki la Feri saa kumi jioni, ukiisikia ujue kifuniko kiko wazi. Na kwa joto letu la Dar jeli inaganda haraka kuliko ilivyoandikwa kwenye vitabu vya watu wa baridi, usiende kunywa chai.

#10 KakaMbagala
Mwalimu nimekunusa Feri nikiwa Mbagala Zakhiem. Endeleeni, nasoma kila neno.

#11 Fundi Pipeti
Mwalimu amenirudisha mbali. Sasa nieleze la kwangu, maana nimelifanya kwa mikono hii.

Zamani kidogo, kwenye maabara moja sitaitaja, tulikuwa tunataka kingamwili za kotisoli. Njia ya kawaida ilikuwa mafuta ya Freund, yale yenye bakteria waliokufa wa jamii ya kifua kikuu. Yanafanya kazi kweli, lakini yanamtesa mnyama: vidonda, mavimbe. Tukaomba kibali cha kamati ya maadili tujaribu jeli. Kotisoli tuliifunga kwenye albumini ya ng'ombe, tukaimwaga kwenye akrilamaidi, ikaganda, tukaosha siku mbili kwa maji ya chumvi.

Kuisaga ndiyo kazi. Unakata kipande kama ukucha, unakitia kwenye sirinji, unaiunganisha na sirinji ya pili, unasukuma huku, unasukuma kule. Mara ya kwanza kidole gumba kinauma. Baada ya mara thelathini au arobaini inakuwa kama uji mzito wa muhogo, ndipo inapita kwenye sindano.

Sungura unamviringisha kwenye taulo, masikio tu yanabaki nje. Siku ya kuchukua damu unanyoa manyoya ukingoni mwa sikio, unalipasha kwa taa, unasubiri. Mshipa unainuka taratibu, mwembamba kama uzi wa kushonea, unaona hata mapigo. Ukiwa na haraka unajificha na hautoki tena siku hiyo.

Tulikuwa na sungura watatu wa jeli. Mmoja alitoa seramu nzuri sana, tukaipunguza nguvu mara 10,000 na bado inashika kotisoli. Wa pili alitoa kingamwili nyingi za albumini ya ng'ombe na karibu hakuna za homoni. Wa tatu alishika ile sehemu ya mkono wa kikemia, yaani daraja, badala ya kilichobebwa. Jeli moja, chungu kimoja, siku moja. Ndiyo maana nasita mtu anaposema "sababu ni hii".

Na ule wa kwanza mwema, seramu yake ilipotea. Umeme ulikatika sikukuu tatu mfululizo, jokofu likayeyuka, likaganda, likayeyuka. Hakuna aliyepita kuangalia. Mpaka leo naumia. Tangu siku hiyo seramu yoyote naigawa kwenye vichupa vidogo sehemu mbili tofauti.

#12 BintiUpanga
Pole sana Fundi. Swali: mlipopima, mlitumia homoni iliyofungwa kwenye albumini ile ile?

#13 Fundi Pipeti
Swali zuri. Mwanzoni ndiyo, na hapo tulidanganyika wiki mbili tukidhani wote watatu wamefaulu. Kipimo cha haki ni kuifunga homoni kwenye protini tofauti, kwa mfano ya ute wa yai, tena kwa mkono tofauti. Anayeshika hapo ndiye anayeshika homoni kweli.

#14 MzeeWaMoro
Wanangu hamjambo. Mimi daktari wa mifugo mstaafu, nipo Kimara kwa wajukuu.

Mnachobishania kilishauzwa madukani kwa wafugaji. Australia miaka ya 1980 walitoa dawa ya kondoo iitwayo Fecundin. Androstenedioni, steroidi ndogo, ilifungwa kwenye albumini ya binadamu, na kichocheo chake kilikuwa polima ya sukari, DEAE-dekstrani. Kondoo akitengeneza kingamwili dhidi ya homoni yake mwenyewe, mayai yanayopevuka yanaongezeka, anazaa mapacha zaidi. Baadaye huko huko ikaja Improvac ya nguruwe dume: homoni ya ubongo ya amino asidi kumi tu imefungwa kwenye sumu iliyofifishwa ya dondakoo, polima ni ile ile ya sukari. Dume anakuwa kama aliyehasiwa bila kisu, nyama haitoi ule uvundo.

Kwa hiyo swali la mleta mada, "mwili unashambuliaje cha kwake", si la karatasi. Unashambulia kweli, na mnyama anabadilika. Ndiyo maana nakuonya MfugajiWaChanika, usije ukapata wazo la kumdunga ng'ombe wako chochote. Ng'ombe mwenye kingamwili za projesteroni yake mwenyewe hatakushikia mimba.

Na kuhusu kupima maziwa, sisi tulianza na vipimo vya mionzi. IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, na FAO, lile la chakula na kilimo, walisambaza vifaa hivyo nchi nyingi zinazoendelea, vina iodini 125 ambayo nguvu yake inapungua nusu kila siku 60. Mzigo ukichelewa uwanja wa ndege, unapokea vifaa vilivyochoka. Stripu yako hiyo sisi tungeipigia makofi.

#15 MfugajiWaChanika
Shikamoo Mzee wangu. Nimekusikia, sidungi mtu.

#16 MtotoWaTemeke
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mzee kasema homoni ikifungwa kwenye chanjo mnyama hashiki mimba. Si ndiyo yale yaliyosemwa Kenya 2014 kuhusu chanjo ya pepopunda? Mke wangu ana mimba na kaambiwa achanje. Nauliza kwa nia njema.

#17 NesiWaTandika
Kaka, umeuliza vizuri, nitakujibu vizuri.

Mwaka 2014 maaskofu wa Katoliki Kenya walidai chanjo ya pepopunda ina hCG, homoni ya mimba. Wizara ya Afya ya Kenya, WHO na UNICEF walikanusha. Dai lilipata nguvu kwa sababu India kweli kulikuwa na utafiti wa Talwar na wenzake, waliounganisha sehemu ya hCG na chanjo ya pepopunda makusudi kabisa, kwa kinamama waliojitolea wakijua ni ya kuzuia mimba. Hata hiyo ilihitaji kurudiwa rudiwa, wakiacha kinga inashuka na mimba inashika. Watu wakachanganya mambo mawili.

Mimi nimewachanja pepopunda kinamama siwezi kuwahesabu. Wanarudi kwangu na mimba ya pili, ya tatu, nawaona kliniki na kadi zao. Mtoto mchanga akipata pepopunda ya kitovu unamwona anavyokakamaa, huwezi kusahau. Mpeleke mama achanjwe.

#18 MtotoWaTemeke
Asante sana dada. Tunakwenda Jumatatu.

#19 ChumviNyingi
Turudi kwenye uzi. Naomba tusisahau kwamba ukubwa peke yake nao hauelezi. Insulini ni daltoni 5,800 tu na haibebwi na chochote, lakini wagonjwa wa zamani waliodungwa ya ng'ombe walitengeneza kingamwili. Berson na Yalow walionyesha hilo New York mwaka 1956, wahariri wakagoma, ikabidi neno "kingamwili" liondolewe kwenye kichwa cha makala. Yalow alipopokea Nobeli mwaka 1977 alikuwa bado na ile barua ya kukataliwa, akaionyesha.

#20 Fundi Pipeti
Kweli, ila ya ng'ombe inapishana na ya binadamu kwa amino asidi tatu, na ni protini, kwa hiyo seli T wanaisoma. Projesteroni hawaisomi kabisa. Penisilini ndiyo mfano ulio karibu zaidi: ndogo, kama 334, lakini inajishikiza yenyewe kwenye protini za mgonjwa, ndipo mzio unapokuja. Mwili wenyewe umegeuka mbebaji.

#21 BintiUpanga
Na hapo Fundi naona unanisaidia mimi. Penisilini ikijishika mara moja kwenye protini ni kitu kimoja, ikijishika mara nyingi ni kingine. Bado idadi ina maana.

#22 Mwalimu wa Kemia
Kabla hamjalala: kuna jeli ya aina nyingine kabisa, na nahisi baadhi ya alivyosoma mleta mada vinatoka huko. Unaweza kugandisha polima kuizunguka homoni, halafu ukaiosha homoni ikatoka. Kinachobaki ni shimo lenye umbo lake. Jeli yenyewe inakuwa kingamwili, bila sungura. Kundi la Mosbach, Lund kule Uswidi, mwaka 1993 walipima dawa mbili, theofilini na diazepamu, kwa polima za namna hiyo. Sungura hajaguswa. Mchanika, angalia ulisoma ipi.

#23 MfugajiWaChanika
Mwalimu, nilikuwa nimezichanganya zote mbili kwenye daftari moja! Asante.

Sasa nilete lililonifanya nianzishe uzi. Jirani yangu naye alinunua stripu. Akachovya, ikaja mistari miwili mizito. Akapiga kelele mpaka kwangu, mimba hiyo! Alisoma kama kile kipimo cha mimba cha duka la dawa. Akaacha kuangalia joto. Yamepita mawili, ndipo daktari akampima ng'ombe kwa mkono, tumbo tupu. Kumbe karatasi ya maelekezo inasema mistari miwili mizito ni projesteroni ndogo. Kwa nini wameitengeneza kinyume? Inaumiza watu.

#24 Fundi Pipeti
Hawakukusudia kuumiza, ni ule udogo unatufuata mpaka mwisho.

hCG ya kipimo cha mimba ni kubwa, kingamwili mbili zinaweza kuishika kwa wakati mmoja, moja huku nyingine kule, kama mkate na nyama katikati. Homoni ikiwepo mstari unatokea. Projesteroni ni ndogo, akishaikamata mmoja hakuna nafasi ya wa pili. Kwa hiyo wanafanya ushindani. Kwenye mstari wa kipimo (ule mwingine ni wa udhibiti tu) wamepaka projesteroni iliyofungwa, na kingamwili zenye rangi zinatiririka na maziwa. Maziwa yakiwa na homoni nyingi, kingamwili zinashiba njiani, zikifika mstarini hazishiki, mstari unafifia. Maziwa yakiwa nayo kidogo, zinashika mstari, unakolea.

Mstari umefifia: homoni ipo juu, huenda ana mimba. Umekolea: hana. Bandika karatasi ukutani zizini, kwa maandishi makubwa, na jirani naye mpe.

#25 NesiWaTandika
Hata kwa binadamu yapo. Tulikuwa na mgonjwa anatumia prednisoloni, kipimo chake cha kotisoli kikaja juu ajabu. Prednisoloni inafanana na kotisoli, kingamwili za kipimo kile zikaishika nayo. Daktari aliyeuliza "unatumia dawa gani?" ndiye aliyemwokoa na matibabu asiyoyahitaji.

#26 MzeeWaMoro
Hiyo ndiyo kaboni ya Mwalimu aliyoisema juu. Uamuzi wa mkono ulioshikwa wapi unakuja kuonekana kwa mgonjwa miaka mingi baadaye.

#27 ChumviNyingi
Nimelala nikiwaza sungura watatu wa Fundi. Fundi, ule unga wa albumini mlipima kama una sumu za bakteria? Albumini ya bei ya chini na maji ya kuoshea mara nyingi huwa nazo, na hizo peke yake zinaamsha kinga vikali. Inawezekana sungura wa kwanza alipata kipande cha jeli chenye uchafu zaidi, na sifa zote tukaipa jeli.

#28 Fundi Pipeti
Hatukupima. Umenikosesha usingizi na mimi.

#29 BintiUpanga
Au alizaliwa tu na seli B nzuri. Sungura wa kawaida hawafanani kama panya wa maabara.

Mimi nikipata nafasi nitajaribu kwa kuku. Kuku akishaamka anaweka kingamwili kwenye kiini cha yai, unavunja yai badala ya kutoboa sikio. Jeli yenye protini kundi moja, jeli yenye nyuzi zilizofungwa homoni bila protini kundi la pili, na kundi la tatu homoni iliyolala tu ndani ya jeli, kama kijiti cha dada Nesi. Na maji safi yaliyopimwa, ChumviNyingi.

#30 NesiWaTandika
Kundi la tatu nalisubiri kwa hamu. Uje utuambie.

#31 MfugajiWaChanika
Wakuu, leo ni siku ya 22 ya ng'ombe wangu mkubwa. Nimekamua saa kumi na moja alfajiri, nikachovya stripu nikiwa na tochi ya simu mdomoni. Mstari wa udhibiti umekolea. Wa kipimo unaonekana kwa shida, kama alama ya kalamu ya risasi iliyofutwa. Nimekaa nao dakika kumi na tano nzima naangalia tu.

#32 MzeeWaMoro
Hongera, ila tulia hadi daktari aingize mkono siku ya 60. Mimba nyingine zinatoka kati ya leo na siku hiyo. Niambie kitu kimoja: hayo maziwa ulichukua ya mwanzo au ya mwisho wa kukamua? Projesteroni inafuata mafuta, na ya mwisho yana mafuta mengi.

#33 MfugajiWaChanika
Ya mwisho, Mzee. Kesho alfajiri nachovya ya mwanzo na ya mwisho, nitaweka picha zote mbili hapa.